Piano ya kale, masikio ya Nairobi: albamu nne na ipi ikufae

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni muuguzi. Wiki za zamu ya usiku hufika nyumbani hapa Pangani saa mbili asubuhi, mtaa ukiwa ndio kwanza umechangamka: mafundi wa ploti ya pili wamewasha mashine ya kuchanganya zege, makanga wanaita abiria wa tao, na geti la chuma linabamizwa kila dakika. Kuna asubuhi alinikuta kwenye ngazi nimebeba kinanda cha mwanafunzi, akanisimamisha. "Mwalimu, wewe si ndiye mtu wa piano? Nitafutie ya kulalia. Nyimbo za kanisa sitaki, naishia kuimba. Na usiniletee ile ya kungoja kuunganishwa kwa simu."

"Nipe siku mbili, dada," nikamwambia. Zikawa wiki mbili, kwa sababu nilipoanza kulinganisha niligundua kwamba nilikuwa nikizipendekeza albamu hizi kwa wazazi wa wanafunzi wangu kana kwamba zote ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Zinachofanana ni hiki: zote zimechukua vipande vya kinanda vya watunzi wa zamani, Bach, Chopin na Debussy, zikavifanya upya kwa moyo wa muziki wa ambienti au ulio jirani nao. Brian Eno, aliyeupa muziki huo jina kwa albamu yake Music for Airports ya mwishoni mwa miaka ya 1970, aliandika kwamba unapaswa kupuuzika kadiri unavyovutia. Zamani zaidi, mwaka 1917, Mfaransa Erik Satie alikuwa tayari anazungumzia musique d'ameublement, muziki wa samani, ule unaokaa chumbani kama kiti na kabati bila kumtaka mtu aache anachofanya. Basi swali la jirani yangu lilikuwa swali la samani: kipi kiingie katika nyumba yake?

Mambo mawili yalinisaidia kuzitenganisha. La kwanza ni kiasi gani cha mtunzi wa asili kimebaki. Mwingine ameacha kila noti mahali pake akabadilisha chumba tu. Mwingine amebakiza tuni na vivuli. La pili ni kelele, na hili kwa mkaaji wa Nairobi ndilo kubwa. Piano ya kale iliandikiwa ukumbi uliotulia. Chukua Nocturne (kipande cha usiku) ya Chopin ya Opus 48, yaani kazi yake ya 48, namba 1, iliyochapishwa 1841: inaanza kama mtu anayetembea usiku peke yake, halafu katikati inapasuka kwa ngurumo ya mikono miwili. Ukiisikiliza nyumbani kwangu mchana, utaongeza sauti ili ule mwanzo usimezwe na mashine ya zege, na dakika tatu baadaye utarukia simu kuipunguza. Kazi moja ya maana ya matoleo haya mapya, ambayo wapenzi wa muziki wa kale huwa hawaithamini, ni kwamba yanasogeza kilele na bonde karibu karibu. Sauti ukishaipanga mwanzoni, huigusi tena.

Chopin mara mbili

Albamu mbili nilizozilinganisha kwa muda mrefu zaidi zote ni za Chopin, na zilitoka karibu wakati mmoja. The Chopin Variations ya Mmarekani Chad Lawson ni ya 2014. The Chopin Project ya Ólafur Arnalds wa Iceland na mpiga piano Alice Sara Ott ni ya 2015.

Nianze na Lawson. Anapiga piano pamoja na fidla na selo, na kati ya nyundo na nyuzi za piano yake ameweka felti, yaani kitambaa kizito cha sufu iliyogandamizwa. Wenye piano za wima wanakijua kitambaa hiki: nyingi zina pedali ya katikati ambayo ukiikanyaga, kipande kirefu cha felti hushuka mbele ya nyuzi, na sauti hupungua ili mwanafunzi afanye mazoezi bila kugombana na majirani. Nils Frahm wa Ujerumani alirekodi albamu nzima kwa njia hiyo mwaka 2011, akaiita Felt, na chanzo chake kilikuwa hicho hicho, kupiga usiku bila kuwasumbua wa upande wa pili wa ukuta. Mtu yeyote aliyepanga nyumba Nairobi, ambako kuta hupitisha hata kikohozi, ataielewa sababu hiyo mara moja.

Felti hufanya nini? Inaondoa ule mgongo wa kila noti, ule mlio mkali wa nyundo kugonga uzi. Inabaki sauti ya mviringo, ya joto, inayofika ikiwa tayari inaondoka. Juu yake Lawson amepunguza noti zenyewe. Mapambo mengi ambayo Chopin alimwaga mkono wa kulia hayapo. Tuni inabaki, na upatanifu wa chini unabaki, tena mwendo ni wa taratibu. Mwalimu mwenzangu anayefundisha Kilimani hataki hata kuisikia. Anasema Chopin amevalishwa blanketi akalazwa kama mgonjwa. Mimi sikubaliani naye, na nina sababu. Chopin mwenyewe hakuwa mtu wa kumbi kubwa. Katika maisha yake yote matamasha yake ya hadhara yalikuwa takriban 30 tu, alipenda piano za Pleyel, na waliomsikia walizungumzia sana upole wa mkono wake. Utulivu haukuletwa na watu wa felti. Lakini mwenzangu ana haki kwa jambo moja: ukiisikiliza albamu ya Lawson kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa makini, vipande vinaanza kufanana. Vilele vimesawazishwa mno. Preludi na waltzi vinakutana njiani vikiwa vimevaa nguo moja.

The Chopin Project imetengenezwa kwa fikra nyingine kabisa. Sehemu nyingi Ott anapiga Chopin kama alivyoandikwa, bila kupunguza. Kilichobadilishwa ni chumba. Arnalds alichoshwa na rekodi za piano zilizosafishwa hadi zikafanana zote, kwa hiyo wakatafuta piano mbalimbali mjini Reykjavik, zikiwemo zisizokaa sawa tuni, na wakatumia vifaa vya kurekodia vya zamani. Maikrofoni ziko karibu. Unasikia mbao zikilia, pedali ikishuka, mtu akivuta pumzi. Katikati ya vipande hivyo Arnalds ameweka tungo zake mwenyewe za fidla, selo na sintesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) zilizochipuka kutoka katika tuni za Chopin, hivyo huwezi kusema kwa hakika wapi karne ya 19 imeishia.

Kipande ninachokushauri uanze nacho ni Nocturne ya C sharp minor. Chopin aliiandika 1830, akiwa na miaka 20, akaituma kwa dada yake Ludwika, na haikuchapishwa hadi baada ya kifo chake. Hapa tuni imetolewa kwenye piano ikapewa fidla ya Mari Samuelsen. Nimewafundisha vijana wengi nocturne hii na nilidhani nimeshaizoea. Fidla ilinionyesha kitu ambacho piano haiwezi kufanya: noti ya piano ikishapigwa inaanza kufa, mpigaji hana la kuifanya tena, lakini upinde wa fidla unaweza kuishika noti ile ile na kuizidishia uchungu ikiwa bado hai. Tangu hapo nawaambia wanafunzi wangu waiimbe kwanza kwa mdomo kabla ya kugusa kinanda.

Kuna sababu ya pili ya kuipenda albamu hii nikiwa hapa na si kwingine. Rekodi iliyosafishwa sana hugombana na nyumba yangu. Kila honi inayoingia dirishani ni doa juu ya kitambaa cheupe. Rekodi ambayo ndani yake tayari kuna mbao na pumzi huipokea honi kama mgeni mwingine. Masikio haya nilifunguliwa na kijana wa hapa, Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU, mzaliwa wa Nairobi na mjukuu wa yule Joseph Kamaru ambaye wazee wetu walicheza nyimbo zake. KMRU hafanyi upya Chopin. Anajenga muziki wake kwa sauti anazozirekodi katika mazingira, na albamu yake Peel ya 2020 ilinifunza kusikia jenereta ya duka la chini kama noti ndefu yenye rangi. Baada ya kumsikiliza yeye, nilirudi kwa Ott nikaacha kufunga madirisha.

Tena kuna ile Preludi ya D-flat iliyozoeleka kwa jina la Raindrop, ambayo Ott anaipiga mwishoni. Ni ya Opus 28, mkusanyiko ambao Chopin aliukamilisha katika majira ya baridi ya 1838 hadi 1839 kisiwani Majorca. Noti moja inarudiwa karibu kipande chote. Mwanzo ni tone la mvua. Katikati, noti ile ile, kidole kile kile, chini yake upatanifu umegeuka giza na tone limekuwa kengele. Aprili iliyopita nilikuwa kwa wazazi wangu Kahawa West, paa la mabati, mvua ndefu ikiwa imefungua. Niliiweka kwenye spika ndogo. Baba yangu, mwimbaji wa besi kwaya ya kanisa anayesoma solfa kuliko gazeti, alisikiliza kimya hadi mwisho, kisha akaimba noti ile peke yake, "so, so, so, so," akaniuliza ilirudiwa mara ngapi. Tukairudisha ili ahesabu. Mvua ikamchanganya akaanza tena.

Kwa hiyo, baina ya hizi mbili: Lawson anakupa mchoro wa penseli wa Chopin, Ott na Arnalds wanakupa Chopin mzima ndani ya chumba chenye watu. Kwa kusikiliza, nachukua ya pili bila kusita.

Kwa kulala, jirani yangu ndiye aliyeamua. Nilimpa The Chopin Project kwanza, kwa mapenzi yangu mwenyewe. Siku iliyofuata akaniambia hakulala hata nusu saa: alisikia kiti kikilia sebuleni, akaamka akashika ufagio kwenda kuangalia mlango. Ilikuwa ni ile piano. Mtu anayelala peke yake mchana katika jiji hili hawezi kuwekewa sauti za mbao na pumzi za watu asiowaona. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Jioni hiyo nikamtumia Lawson, na hajanirudishia.

Debussy wa umeme na Bach wa mikono mingi

Hizi mbili za pili ziko mbali zaidi, na mbali baina yao pia.

Snowflakes Are Dancing ya Mjapani Isao Tomita ilitoka 1974, kabla neno ambienti halijawa jina la muziki. Ni vipande vya Debussy, karibu vyote vilivyoandikiwa piano, na ndani yake hakuna piano hata moja: karibu kila sauti imetoka kwenye sintesaiza ya Moog. Clair de lune iko, na kile kipande cha theluji kutoka Children's Corner, mkusanyiko wa Debussy wa 1908, ndicho kilichoipa albamu jina. Ajabu yake ni kwamba Tomita hakupunguza kitu. Noti za Debussy ziko karibu zote, lakini zinapigwa miluzi, zinameremeta, zinaimbwa na koo zisizo za binadamu. Ukilinganisha na Lawson ni kinyume kamili: yule amebakiza ala akapunguza noti, huyu amebakiza noti akaitupa ala.

Usiilalie. Kipande kimoja tu, Golliwog's Cakewalk, kitakuamsha wewe na wa chini. Lakini ukiwa na mtoto wa miaka saba hadi kumi anayeona piano ya kale ni adhabu ya Jumamosi, anza hapa. Wanafunzi wangu wadogo huacha vidole vyao hewani. Sharti moja: isikilizwe kwa spika mbili zilizotengana au vipokea sauti vya masikioni, maana Tomita anazisafirisha sauti kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi. Ile spika moja ya duara ya bluetooth, ambayo karibu kila nyumba inayo, inakusanya yote katikati na uzuri wake mkubwa unakufa.

Ya nne ni Bach: Works & Reworks ya Víkingur Ólafsson, iliyotoka 2019 kwa Deutsche Grammophon. Hii ndiyo ya pekee inayomwekea mnunuzi ulinganisho ndani ya boksi moja. Upande mmoja Ólafsson anapiga Bach kwa piano, wazi na mkavu kama asubuhi ya Januari; upande wa pili wanamuziki mbalimbali wanavifanya upya vipande hivyo. Anayeogopa kwamba muziki huu mpya ni kuharibu mali ya wazee aanze na Adagio (sehemu ya mwendo wa polepole) ya BWV 974, namba yake katika orodha ya kazi za Bach, iliyofanywa upya na Ryuichi Sakamoto wa Japani. Kipande hicho hakikuwa cha Bach tangu mwanzo. Kilikuwa sehemu ya konsato, yaani tungo ya ala moja na okestra, aliyoiandikia oboe Mwitaliano Alessandro Marcello. Bach, akiwa Weimar, alikipenda akakihamishia kwenye kinanda chake na kuongeza mapambo ya mkono wake. Tena kinanda hicho hakikuwa piano ya leo. Basi Ólafsson kukipiga kwa piano ni kuhama kwa pili, na Sakamoto ni kwa tatu. Bach mwenyewe alikuwa fundi wa kufanya upya, na hakuna anayemlaumu.

Toleo la Sakamoto ni zuri mno. Mengine ya upande huo si sawa kwa sawa: yako yanayopumua, na yako ambayo besi yake inazifanya spika ndogo zitetemeke bila kusema kitu. Ukikosa subira, chukua upande wa Ólafsson peke yake na hiyo moja ya Sakamoto. Kwa anayesoma usiku wa kuamkia mtihani, hii ndiyo ninayompa. Lawson atamlaza, Ott na Arnalds watamfanya amkumbuke mtu. Mistari ya Bach inatembea sambamba bila kupanda jukwaani, na akili inayosoma inaifuata kwa nyuma bila kuchoka.

Zipo nyingine utakazokutana nazo ukitafuta, na nitazipita haraka kwa kuwa si za piano. Upande wa pili wa Discreet Music ya Eno ya 1975 unachezea Canon ya Pachelbel, kwa ala za nyuzi. Max Richter mwaka 2012 aliandika upya misimu minne ya Vivaldi, fidla tamu ikiongoza. William Orbit mwaka 2000 aliweka Pavane ya Ravel, ambayo kweli ilizaliwa piano mwaka 1899, lakini yeye ameipa mashine.

Bando, stima na simu

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya bando, kwa sababu muziki wa kulalia unacheza saa nyingi. Kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja inakula takriban megabaiti 43. Kwa 160 ni 72. Kwa 320 ni 144. Ukilala saa saba na muziki unacheza moja kwa moja kutoka mtandaoni kwa ubora wa juu, umemaliza gigabaiti nzima kabla hujaamka. Pakua albamu ukiwa kwenye waifai ya kazini au ya rafiki, kisha uizungushe kutoka kwenye simu. Stima ikipotea, haitakatika. Kwa Lawson, hata 96 inatosha. Felti imeshaondoa milio ya juu ambayo ubora mdogo huiharibu. Tomita anadai 320, na anastahili.

Na wapiga video za arusi na za kanisa, ambao huniandikia sana: Bach, Chopin na Debussy wamekufa zaidi ya miaka 50 iliyopita, ambayo ndiyo kipimo cha sheria ya hakimiliki ya Kenya kwa tungo, kwa hiyo noti zao ni huru. Rekodi hizi mpya si huru, na yale aliyoyaongeza Arnalds au Sakamoto ni mali yenye wenyewe. Mwite kijana aliyesoma piano akupigie nocturne, umlipe. Wako wengi jijini wanaongoja kazi.

Ndani ya matatu sikushauri hata moja kati ya hizi nne. Nimejaribu njia yote ya Thika Road, na kilichosalia cha Ott ni noti za juu tu, kama mtu anayepunga mkono ng'ambo ya barabara. Subiri ufike. Aliyefiwa, naye nisimpe Lawson; nimemwona mama mmoja akikasirishwa na ulaini wake, kana kwamba anabembelezwa anyamaze. Nilimpa ile nocturne yenye fidla, akaiomba tena, kisha tena.

Jirani yangu sasa analala kwa Lawson saa tatu hadi saa nane mchana, simu akiiweka juu ya kabati, mbali na mto. Ila ile piano inayolia mbao haijamtoka akilini. Jumapili hayuko zamuni, na amenitumia ujumbe: nipande baada ya chakula cha jioni na spika mbili, si moja, nilete The Chopin Project aisikilize mlango ukiwa umefungwa na yeye akiwa macho, na huyo Mjapani wa theluji nimlete pia kwa ajili ya mwanawe.